Sauti ya Kati: Viola baina ya Pwani na Bara

Katika makanisa ya mji wa Singida, ambao Utemini ni mojawapo ya kata zake, kwaya hugawanywa kwa utaratibu uliozoeleka kiasi cha kutoulizwa. Sauti ya kwanza hubeba wimbo wenyewe. Ya nne, yaani besi, huwa chini kama msingi wa nyumba. Ya tatu, tena, huwapa wanaume nafasi yao ya kupaa. Kati ya hizo ipo sauti ya pili, alto. Muumini atokapo ibadani na kushika njia ya kurudi nyumbani, aghalabu huenda akiimba sauti ya kwanza, na pengine besi. Ni nadra kumsikia mtu akiimba alto peke yake njiani. Hata hivyo, kila mwalimu wa kwaya anajua kwamba siku waimbaji wa alto wasipofika, wimbo hupwaya: juu upo, chini upo, ila katikati pana uwazi.

Jina la Utemini linakumbusha utemi, na penye mtemi macho ya watu humwelekea mtemi. Mshauri aketiye kando yake hatajwi, japo huenda neno litokalo kinywani mwa mtemi lilianza kwake. Jamii ya ala za nyuzi zipigwazo kwa upinde nayo ina mshauri wa namna hiyo. Ni viola, ambayo Wafaransa huiita kwa jina lilelile la sauti ya pili ya kwaya: alto. Msomaji wa visiwani aliyelelewa na taarabu anaijua fidla tangu utotoni, anaijua chelo, na anaijua besi kubwa isimamayo nyuma ya jukwaa. Viola hakuizoea, kwa sababu vyama vikuu vya taarabu vya Unguja havikuijengea safu yake. Kwa nini ala iliyo ya lazima katika okestra ya Ulaya isihitajiwe katika okestra ya Zanzibar? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake lagusa jinsi muziki wenyewe unavyojengwa, na laonyesha tofauti ya kale baina ya pwani na bara.

Viola ina nyuzi nne, nazo zimeshuka chini ya nyuzi za fidla kwa umbali wa sauti tano. Chelo nayo iko chini ya viola kwa oktava nzima. Kwa haki ya maumbile, ala ya sauti hiyo ingepasa kuwa na kiwiliwili cha sentimita 53 hivi, maana fidla ina sentimita 36 hivi. Ala ya ukubwa huo haishikiki begani. Basi mafundi wakaridhia kuitengeneza kati ya sentimita 38 na 43, na upungufu huo wa mwili ndio ulioipa viola sauti yake: sauti yenye kivuli, kama ya mtu asemaye kwa upole katika chumba kilichofungwa madirisha. Wanunuzi wa sauti angavu waliiona hiyo kuwa kasoro. Watunzi waliosikiliza kwa makini waliiona kuwa hazina.

Historia ya kuiandikia viola ni historia ya kasoro hiyo kugeuka kuwa hazina. Katika karne ya 18 watunzi wengi waliiacha ifuate besi kwa oktava ya juu, bila neno lake yenyewe. Mwaka 1752 Quantz, mwalimu wa filimbi wa mfalme wa Prussia, aliandika kwamba wanamuziki wa zama zake huihesabu viola kuwa kitu kidogo, naye mwenyewe akasisitiza kuwa mpigaji wake anastahili kuwa hodari. Walikuwapo walioyajua hayo tayari. Johann Sebastian Bach, kwa ushuhuda wa mwanawe, alipenda kupiga viola katika mkusanyiko, na katika konserto ya sita ya Brandenburg, aliyoitoa pamoja na nyingine tano mwaka 1721, aliziondoa fidla zote na kuzipa viola mbili nafasi ya mbele. Mozart naye, mwaka 1779, alitunga kazi ya fidla na viola mbele ya okestra, akaagiza nyuzi za viola zikazwe nusu toni zaidi ili sauti yake isifunikwe na ya mwenziwe. Berlioz aliiandikia viola sehemu ya peke yake katika simfonia yake ya mwaka 1834 juu ya Harold safarini Italia. Paganini, aliyemwomba kazi hiyo, aliona viola ina mapumziko mengi mno, akakataa kuipiga. Brahms alipofungua kazi yake kubwa ya kuwafariji waliofiwa, iliyokamilika mwaka 1868, alizinyamazisha fidla katika mlango mzima wa kwanza, akawaachia viola na chelo wabebe huzuni.

Mifano hiyo ina fundisho moja. Muziki wa Ulaya ulijengwa kama nyumba ya ghorofa, sauti juu ya sauti, na ghorofa ya kati haiwezi kukosa mkaazi. Mara nyingi noti moja ya katikati ndiyo inayoamua kama mwungano wa sauti utacheka au utalia. Fidla huimba, besi husimamisha, na viola huamua hali.

Zanzibar ilijengwa kwa mpango mwingine. Masimulizi ya Unguja yanasema kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi santuri, wakiwa kikundi kidogo ambacho kila ala ilisikika peke yake. Baadaye okestra za Cairo, zile za Mohammed Abdel Wahab na Umm Kulthum, zilikuza safu zao za nyuzi. Sauti zao zilifika visiwani kwa santuri, kwa redio na kwa filamu, na vyama vya Unguja navyo vikazikuza safu zao. Ikhwani Safaa, na baadaye Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958, vilisimamisha fidla kadhaa pamoja, na nyuma yake chelo na besi.

Lakini kuongeza wapigaji si kuongeza sauti. Katika taarabu ya namna hiyo fidla zote huimba wimbo mmoja, kila mpigaji akiupamba kwa mkono wake. Chelo huufuata kwa oktava ya chini, na besi huutilia hatua. Utajiri wake haumo katika ghorofa bali katika nakshi, kama mlango wa Mji Mkongwe ambao uzuri wake ni mchongo na si kimo. Nafasi ya kati imekwisha kujazwa na udi, ganuni na kodiani. Tena maqamu kama rasti na bayati zina sauti ziangukazo baina ya noti za piano, na sauti hizo haziketi kwa raha katika miungano ya Ulaya. Mtunzi angeiandikia viola nini hapo? Ama ingerudia wimbo uliokwisha kuimbwa na fidla ishirini, ama ingeleta sauti ya pili ambayo wimbo haukuiomba.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo laonyesha kuwa rangi ya viola haikukosekana kabisa. Wapigaji wa fidla wa Kiarabu aghalabu huzishusha nyuzi mbili za juu kwa toni moja kila uzi, ili nyuzi nne zilingane mbili kwa mbili kwa oktava. Kwa kulegezwa huko fidla hupoteza ukali wake wa juu, ikapata uzito na kivuli. Mozart aliikaza viola ili iikaribie fidla. Waarabu waliilegeza fidla, nayo ikaikaribia viola. Masikio ya pande zote mbili yalikuwa yakitafuta mahali pale pale pa kati, kila mmoja akitokea mlango wake.

Tukirudi bara, mambo yalikwenda kinyume. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza wamisionari wa Leipzig walifika Iramba, kaskazini mwa Singida, na katika miaka ya 1920 kazi yao ikachukuliwa na Waluteri wa Augustana kutoka Marekani. Hawakuleta okestra, walileta tenzi za sauti nne. Nyumba ya ghorofa ya Ulaya ikaingia Singida bila ala, ikiwa imejengwa kwa makoo ya watu. Watu waliojifunza solfa ubaoni, do, re na mi, walijifunza pamoja nayo kazi ile ile ya viola: kushika noti ya katikati bila kuvutwa na wimbo wa juu, kungoja, kujaza, na kuamua hali ya mwungano bila kutajwa.

Mafunzo hayo yalikuwa na gharama. Kinyaturu, lugha ya wenyeji wa Singida, ni lugha ya toni: silabi zilezile zikipandishwa au kushushwa huweza kugeuka maana. Kanuni za Ulaya zilimtaka mtunzi aifanye sauti ya kati iende njia yake, ipande pale sauti ya kwanza inaposhuka. Mwimbaji wa alto akajikuta akitamka maneno yaleyale ya jirani yake kwa mwendo unaoyapinda. Miongoni mwa waliolijali jambo hili alikuwa Howard Olson (1922–2010), mmisionari wa Augustana, aliyeandika tasnifu yake juu ya sarufi ya Kinyaturu mwaka 1964, na aliyefundisha Makumira, karibu na Arusha, huku akikusanya tenzi zenye tuni za Kiafrika. Ujuzi wa lugha ulimfikisha kwenye muziki: anayesikia toni katika neno hawezi kuipuuza katika wimbo.

Na jibu la kale lilikuwa karibu. Kusini mwa mkoa huohuo, huko Manyoni, na kuvuka hadi Dodoma, Wagogo wana uimbaji wao wa sauti nyingi, ambao wataalamu wa muziki wameuhesabu miongoni mwa hazina za Afrika Mashariki. Humo sauti ya pili huifuata ya kwanza kwa umbali wa sauti nne au tano, ikipanda inapopanda na kushuka inaposhuka, na toni ya neno husalimika. Mwendo huo wa sambamba ndio ambao vitabu vya shule ya Ulaya huwakataza wanafunzi. Pamoja nao hupigwa zeze, ala ya nyuzi na upinde yenye sauti ya mkwaruzo mtamu, ikisindikiza koo la mwimbaji kwa karibu mno. Hukwe Zawose (1938–2003), mtaalamu mkuu wa zeze na ilimba, aliifikisha sauti hiyo kwenye majukwaa ya dunia. Asikiaye zeze lake na kisha asikie uzi mzito wa viola hatadhani kuwa ni wageni.

Basi viola si ala isiyo na makao Tanzania. Ni ala ambayo kazi yake ilikwisha kugawanywa kabla haijafika: pwani iligawiwa udi, kodiani na fidla iliyolegezwa, bara iligawiwa alto na zeze. Atakayetunga muziki wa nyuzi kwa ajili ya nchi hii hana haja ya kuiiga Vienna wala kuiiga Cairo. Anaweza kuiandikia viola ile njia ya sambamba ya Manyoni, chini ya fidla inayoimba kwa maqamu ya Unguja. Anaweza pia kuipa kazi ambayo alto hakuiweza pasipo kuumiza lugha. Viola haina maneno. Ipande fidla inaposhuka, ishuke inapopanda, hakuna silabi itakayopinda na hakuna maana itakayopotea.

Hapo ndipo ilipo thamani ya mshauri wa mtemi. Alto wa Singida walibeba mzigo wa sauti ya kati kwa karibu karne nzima, wakati mwingine kwa kuitoa kafara toni ya lugha yao. Siku mzigo huo utakapowekwa juu ya nyuzi nne za viola, wao watarudishiwa maneno yao, na sauti ya kati haitakuwa imepungukiwa na kitu.