Utambulisho wa Kisayansi

Mwaka 2007 Heidi Carlone na Angela Johnson, watafiti wa elimu nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanawake 15 wasio Wazungu waliofaulu katika sayansi. Waliuliza ni nini humfanya mtu awe mwanasayansi machoni pake na machoni pa wenzake. Wakataja mambo matatu: umahiri, yaani kuielewa sayansi yenyewe; utendaji, yaani kuudhihirisha ujuzi huo mbele ya watu, kwa vifaa na lugha ya maabara; na kutambuliwa. Hayo kwa pamoja ndiyo tunayoyaita utambulisho wa kisayansi.

La tatu ndilo zito. Umahiri wanawake wale walikuwa nao. Hata hivyo, baadhi yao safari yao ilivurugika, kwa kuwa wenye sauti katika fani waliona rangi na jinsia kabla ya kuona kazi.

Wapo wanaotumia neno “kujiamini” kwa maana hii. Silikubali. Humtwika mwanafunzi mzigo wote, kana kwamba akijipa moyo tu yatakwisha. Tena imani ya mtu katika uwezo wake, aliyoieleza Albert Bandura mwaka 1977, ni dhana nyingine. Chimbuko lake kubwa ni kuifanya kazi na kuiweza. “Utambulisho” unafaa zaidi kwa sababu mzizi wake, tambua, unamhitaji mtu wa pili. Kasoro yake ni kutukumbusha kitambulisho, ambacho ofisi hukutolea mara moja ukakaa nacho. Utambulisho huu hujengwa kidogo kidogo, na huweza kubomolewa.

Namna ya kuujenga inaonekana katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County. Mwaka 1988 Freeman Hrabowski alianzisha huko mpango wa Meyerhoff, kwa fedha za mfadhili Robert Meyerhoff. Ulianza na vijana wa kiume Weusi, kisha ukafungua milango kwa wengine. Wanafunzi husoma kwa vikundi, hushindana na somo badala ya kushindana wao kwa wao, na huingia maabara mapema wakiwa bado wa shahada ya kwanza. Kizzmekia Corbett alipita humo, na baadaye akawa miongoni mwa wanasayansi walioongoza utafiti wa chanjo ya UVIKO-19 iliyotengenezwa na Moderna.

Kwa hiyo msimamizi anayetaka kumjengea mwanafunzi wake utambulisho huu asiishie kwenye kumsifu. Ampe swali la utafiti lisilo na jibu bado, amwache atetee matokeo yake mbele ya wabobezi, na jina lake liandikwe kwenye makala aliyoshiriki kuifanyia kazi.