Madola makuu, si mataifa makubwa

Simama Msamvu, Morogoro, uipe mgongo Milima ya Uluguru: malori ya Zambia na Kongo hupita mchana na usiku. Njia yao twaiita barabara kuu, wala hatusemi barabara kubwa. Ukubwa ni kipimo. Ukuu ni cheo. Ndiyo maana nashikilia "madola makuu" pale magazeti yanapoandika "mataifa makubwa". Kongo ni nchi kubwa mno, lakini si dola kuu.

"Dola" nalo lataka uangalifu, kwa kuwa kwa umoja hufanana na fedha ya Marekani. Wingi ndio unaoliokoa: fedha hubaki dola, mamlaka huwa madola, kama katika Jumuiya ya Madola.

Mkakati wa usalama ambao Marekani iliutoa Desemba 2017 ulitangaza kwamba ushindani wa madola makuu umerejea, ukizitaja China na Urusi. Wapo wanaoutafsiri ushindani huo kuwa "uhasama". Wanazidisha: mahasimu hutakiana mabaya, ilhali washindani huuziana bidhaa kila siku. "Mvutano" linavutia zaidi, ila huifanya nchi ya tatu kuwa kamba ya kuvutwa, na hapo ndipo ninapolikataa.

Chukua mfano wa reli yetu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kusafirishia shaba yake bila kupita kwao. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kugharamia reli ya kwenda Dar es Salaam, zikidai haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini 1967, kwa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 za TAZARA, zikipita Kidatu, Ifakara na Mlimba, humuhumu mkoani Morogoro. Marekani iliyoikataa reli ikatoa fedha za kujenga sehemu za barabara ya kwenda Zambia, hiihii ya malori ya Msamvu. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia wakapata vyote viwili. Kamba haina uwezo huo. Mashindano, kinyume chake, yana mwenye uwanja, naye hudai kiingilio kwa kila timu. Kwa hiyo nachagua "ushindani".

Sasa Marekani inaunga mkono reli ya Lobito, Angola, ili shaba ielekee Atlantiki. Mwaka 2024 China ilitia saini na Tanzania na Zambia makubaliano ya kuifufua TAZARA, ili shaba hiyo ielekee Dar es Salaam.