Wana wa Majina Makubwa: Kwa Nini Gemu za Familia Mashuhuri Husahauliwa

Tarehe 14 Juni 2015 Nintendo ilianza kuwauzia wachezaji wa Kiingereza gemu iitwayo EarthBound Beginnings. Japani ilikuwa imetoka Julai 1989 kwa jina la Mother, kazi ya mwandishi Shigesato Itoi, na tafsiri yake ya Kiingereza ilikamilika mapema katika miaka ya 1990 kabla kampuni haijaamua kuiweka kabatini. Mashabiki wengi walioinunua siku ile waliitambua mara moja, kwa kuwa walikwisha kuicheza. Kaseti ya majaribio iliyobeba tafsiri hiyohiyo ilikuwa imeangukia mikononi mwa wakusanyaji mwaka 1998, yaliyomo yakanakiliwa na kusambazwa bila ruhusa ya yeyote. Kwa takriban miaka 17 tafsiri hiyo iliishi kwa njia ya haramu tu, na mmiliki alipoitoa kihalali alitoa kile ambacho umma ulikuwa nacho tayari.

Kisa hiki kinaleta swali ambalo tafiti za michezo ya video bado zinalipitia juujuu. Mtu angetarajia gemu iliyozaliwa katika familia mashuhuri, yenye ndugu wanaouzwa kwa mamilioni, ilindwe na jina lake. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi jina hilo ndilo huifukia. Gemu yatima, ambayo kampuni yake ilifilisika zamani, huachwa wazi na anayeitaka huichukua. Gemu ya familia kubwa ina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu za kibiashara za kuamua ni mtoto yupi atambulishwe kwa wageni. Hata hivyo jina hilohilo huwavuta watu walio tayari kuvunja mlango ili kumtoa mtoto aliyefichwa, na kisa cha jina kubwa hakieleweki mpaka pande hizi mbili zitazamwe pamoja.

Maelezo yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza linasema kuwa vitu huzeeka: mashine hufa na kaseti huharibika. Ni kweli, lakini halitoshi. Utafiti uliochapishwa Julai 2023 na Video Game History Foundation kwa kushirikiana na Software Preservation Network ulikagua zaidi ya gemu 4,000 zilizotoka Marekani kabla ya 2010, ukakuta asilimia 87 hazipatikani tena kwa njia ya kibiashara. Kwa gemu za kabla ya 1985, zinazopatikana hazifiki asilimia 3. Nyingi kati ya hizo zinasomeka vizuri kabisa kitaalamu. Programu za kuiga mashine za zamani zimekuwapo tangu miaka ya 1990, na kompyuta ya bei nafuu inaziendesha bila kuchoka. Kinachokosekana ni mtu mwenye haki ya kuziuza na nia ya kufanya hivyo.

La pili linasema kuwa zilisahauliwa kwa sababu zilikuwa mbaya. Kwa hili tunao mfano wa kulipinga ambao ni mzuri kupita kiasi. Mwaka 1987 Konami ilitoa Metal Gear, iliyobuniwa na Hideo Kojima kwa ajili ya kompyuta za MSX2. Toleo lililorekebishwa kwa mashine ya NES liliuzika vizuri Marekani, hivyo kampuni ikatengeneza mwendelezo kwa ajili ya soko la Magharibi, Snake's Revenge, bila kumshirikisha Kojima. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa alipata habari hiyo ndani ya treni, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa katika kikosi kilichoitengeneza, ambaye alimhimiza atengeneze mwendelezo wa kweli. Matokeo yalikuwa Metal Gear 2: Solid Snake, iliyotoka Julai 1990, Japani peke yake, kwenye kompyuta ambayo soko la Marekani halikuijua kabisa. Ndani yake kuna rada, kuna mlinzi anayesikia kelele na kugeuza kichwa, na kuna mchezaji anayetambaa chini ya meza. Metal Gear Solid ilipotoka mwaka 1998 na kusifiwa duniani kote kwa mambo hayohayo, wachezaji wengi nje ya Japani hawakuwa na njia ya kujua kwamba mengi kati yake yalikuwa na umri wa miaka minane. Toleo rasmi la Kiingereza la Metal Gear 2 lilikuja mwaka 2006, likiwa limefungwa kama nyongeza ndani ya gemu nyingine. Ubora haukuiokoa kwa miaka 16. Iliyofahamika Magharibi ni Snake's Revenge, ambayo baba wa familia hakuizaa.

Zipo pia zile ambazo hakika zilikuwa dhaifu, na sioni haja ya kuzitetea kwa kuzipaka rangi. Mpango wa Nintendo na Philips wa kutengeneza kisoma diski kwa ajili ya Super Nintendo ulipovunjika, Philips ilibaki na ruhusa ya kutumia baadhi ya wahusika wa Nintendo kwenye mashine yake ya CD-i. Oktoba 1993 zikatoka Link: The Faces of Evil na Zelda: The Wand of Gamelon, zilizotengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani, Animation Magic, kwa michoro ya katuni iliyochorwa na wasanii wa Urusi. Uchezaji wake ni mgumu na wa kukera. Nintendo ilipochapisha mwaka 2011 kitabu chake cha historia ya Zelda, Hyrule Historia, chenye mpangilio rasmi wa matukio ya familia nzima, gemu hizi hazikuwekwa popote. Lakini mwanahistoria akizifuta pamoja na mwenye mali atapotosha rekodi, maana katika The Wand of Gamelon anayeshika upanga ni binti mfalme Zelda mwenyewe, si Link, shujaa wa kawaida wa familia hiyo. Septemba 2024 Nintendo ilipotoa Echoes of Wisdom, ikimweka binti mfalme huyo mbele, wengi waliipokea kana kwamba ni jambo lisilowahi kutokea. Katika nasaba rasmi lilikuwa jipya kweli. Katika historia lilikuwa na zaidi ya miaka 30.

Nasaba na historia ni vitu viwili, na wasomi wa pwani yetu waliowahi kushughulika na tarehe za miji ya Waswahili wanalijua hilo bila kufundishwa. Orodha ya watawala huandikwa na anayetawala.

Mfano ulio mzito kuliko yote, na ambao sheria wala soko peke yake haviuelezi, ni Satellaview. Tarehe 23 Aprili 1995 Nintendo ilianza kuuza Japani kifaa kilichowekwa chini ya mashine ya Super Famicom, yaani Super Nintendo ya Japani, na kuiunganisha na kipokezi cha satelaiti. Mshirika wake alikuwa St.GIGA, kituo cha redio ya satelaiti kilichojulikana kwa muziki wa utulivu na sauti za bahari, ambacho Nintendo ilikuwa imenunua sehemu ya hisa zake. Gemu zilirushwa hewani kwa saa maalumu. Mchezaji alizipakua kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabiti 8, yaani megabaiti moja tu, hivyo kupokea gemu mpya mara nyingi kulimaanisha kufuta ya zamani. Baadhi ziliwekewa kikomo cha mara ngapi zingeweza kuchezwa. Kufutika hakukuwa ajali ya mfumo huu, maana ndivyo ulivyobuniwa. Kwa kejeli ambayo hakuna aliyeipanga, mji uliochorwa kwenye skrini ya kuanzia, ambamo mchezaji alitembea akichagua vipindi, uliitwa mji ulioibiwa jina lake.

Agosti 1995, kwa wiki nne mfululizo, St.GIGA ilirusha BS Zelda no Densetsu, toleo jipya la Zelda ya kwanza lililochorwa upya. Shujaa hakuwa Link, bali mvulana au msichana ambaye mchezaji alimchagua katika mji ule. Data ya gemu ilikuwa ndani ya kadi, lakini sauti za waigizaji na msimulizi zilikuja moja kwa moja kutoka satelaiti, kwa sababu zilikuwa kubwa mno kuhifadhiwa. Saa ya matangazo ilitawala kila kitu. Dakika fulani ikifika, msimulizi alitangaza jambo, na papo hapo maadui wakatoweka, au mabomu yakawa hayaishi kwa muda. Kila mchezaji nchini, awe kijiji gani, alikutana na tukio hilo kwa sekunde ileile. Saa ikiisha, mchezo umekwisha, umalize usimalize.

Hiki si kitabu kilichopotea. Ni onyesho. Tangu Ruth Finnegan achapishe kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, wanafunzi wetu wamefundishwa kuwa ngano iliyoandikwa karatasini si ngano nzima, kwa sababu imeacha nyuma sauti ya fanani, kiitikio cha hadhira na wakati wa kusimuliwa kwake. Nadharia hiyo inafaa hapa kuliko nadharia nyingi zilizotungwa mahususi kwa ajili ya gemu. Data iliyotolewa kwenye kadi ya kumbukumbu ina thamani ileile ya matini iliyonukuliwa: inaonyesha umbo, haionyeshi tukio. Wapenzi wa Zelda walilitambua hili kwa vitendo kabla wasomi hawajalisema. Walinunua kadi za zamani kutoka Japani wakitafuta mabaki ya data ambayo hayajafutwa, wakatafuta kanda za video ambazo wachezaji walirekodi nyumbani wakati wa matangazo, wakazipatanisha sauti na data kwa dakika. Kwa gemu ya pili ya namna hiyo, Inishie no Sekiban ya 1997, wapo waliorekodi upya usimulizi wote kwa Kiingereza. Uhakiki wa matini wa kiwango hicho, katika idara za chuo kikuu, ungepewa shahada.

Serikali ya Japani haikuweza kusaidia hata kama ingetaka. Sheria iliyoitaka Maktaba ya Taifa ya Bunge kukusanya machapisho ya kielektroniki ilianza kutumika Oktoba 2000, na ililenga vitu vilivyofungashwa: diski, kaseti, kitu chenye jalada. Matangazo ya Satellaview yalikuwa yamezimwa tarehe 30 Juni mwaka huohuo, na hata kama yangeendelea, hayakuwa na jalada.

Pana jambo linaloiumiza hoja yangu hapa, na ni afadhali niliseme mwenyewe. BS Zelda imejengwa upya kwa sababu ni Zelda. Katika miaka mitano ya Satellaview vilirushwa vipindi vingi visivyo na ukoo: majarida ya sauti, mafumbo, gemu ndogo za msimu. Nani atazinunua kadi kumi kwa matumaini ya kukuta kipande cha mojawapo? Kwa hiyo jina kubwa halifukii tu. Linapanga pia foleni ya wafukuaji, na foleni hiyo haina haki zaidi ya ile ya soko. Orodha ya gemu zilizookolewa na mashabiki inafanana mno na orodha ya bidhaa zilizouzika, na mtafiti anayeitegemea kama rekodi ya enzi atakuwa anasoma umaarufu akidhani anasoma historia.

Msomaji aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa miaka ya 1990 huenda hashtuki kusikia kuwa uharamia ulifanya kazi ya maktaba. Alikutana na Mario na Contra ndani ya kaseti za bandia zilizosongamanisha gemu kadhaa, bila kujua nani alizitunga. Tofauti ni kwamba kaseti zile zilibeba vilivyopendwa tayari.

Wenye mali, kwa upande wao, hawawezi kusemwa kuwa hawahifadhi. Data za Nintendo zilizovuja Julai 2020 zilionyesha kuwa kampuni ilikuwa na matoleo ya majaribio ya miaka zaidi ya 25 iliyopita. Kuhifadhi kwao ni kuzuri. Tatizo ni kwamba ghala lisilofunguliwa haliwi kumbukumbu ya umma, na linapofunguliwa hufunguliwa kwa masharti ya biashara. Gemu ya kwanza kabisa ya Fire Emblem, ya Aprili 1990, ilitolewa kwa Kiingereza tarehe 4 Desemba 2020 na kuondolewa sokoni tarehe 31 Machi 2021. Ilisubiriwa miaka 30 ikauzwa miezi minne. Afadhali Square Enix, ambayo Aprili 2022 iliitoa tena Radical Dreamers, gemu ya maandishi ya Satellaview ya 1996 iliyochipuka kutoka Chrono Trigger, na kuiacha iendelee kuuzwa, ingawa tafsiri ya mashabiki ilikuwa imeitangulia kwa karibu miaka 20. Hata watoto waliokanwa wa CD-i walipata mrithi. Aliyezitengeneza upya gemu hizo kwa hiari mwaka 2020 alitoa Februari 2024 gemu yake halali, Arzette, yenye mtindo uleule na isiyo na jina hata moja la Nintendo. Mtindo hauna hakimiliki.

Kuna mpaka ambao mashabiki nao hawauvuki. Before Crisis, iliyotangulia matukio ya Final Fantasy VII, ilitolewa mwaka 2004 kwa simu za Kijapani za huduma ya i-mode. Mchezaji alipiga picha kwa kamera ya simu na rangi za picha hiyo zikaamua nguvu atakayopata, na akitekwa na adui aliwategemea wachezaji wengine wamkomboe. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2018. Jina ni miongoni mwa makubwa kabisa katika fani hii, mashabiki wake ni wengi na hodari, lakini hakuna kaseti ya kununua mnadani, na anayeipata simu yenye programu hiyo atakuwa na nusu ya kazi, kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa kwenye kompyuta za kampuni na katika watu waliokuwa wakisubiri kuitwa. Mtafiti anayetaka kuiandika leo hana budi kuanza pale anapoanzia mkusanyaji wa ngano, kwa kuwatafuta wachezaji wenyewe na kuwauliza walimkomboa nani, lini, na ilikuwaje.