Neno la Leo: Deheni

Mwanagenzi anayejitia kufufua Land Rover kuukuu mjini Durban, ambako upepo wa Bahari ya Hindi hubeba chumvi hata barazani, aghalabu huhadaika na bodi, kwa kuwa ni ya alumini na haishiki kutu, kumbe fremu iliyo chini yake ni ya chuma, nayo yaliwa kwa siri. Shurti aioshe chumvi, aikaushe, aikwangue kutu kwa brashi ya waya, aipake rangi ya kinga, kisha aifunike kwa mafuta mazito, mathalani yale yatokanayo na sufu ya kondoo.

Kazi hii ya mwisho ina jina la kale katika lugha yetu: deheni, neno lenye asili ya Kiarabu, duhn, yaani mafuta, ambalo kwa mabaharia ni chokaa iliyochanganywa na shahamu na kupakwa chini ya jahazi ili maji na wadudu wasilidhuru. Na Durban si ugenini kwa maneno ya pwani, maana tangu mwaka 1873 walishushwa huko watu waliookolewa utumwani, ambao wajukuu wao hadi leo huitwa Wazanzibari.

Basi, msomaji, gari nalo ni chombo: lideheni.