Je, unaweza kutumia dawa za asili za kuongeza kinga pamoja na tibakemikali?

Tibakemikali huua seli za saratani, lakini hupunguza pia chembe nyeupe za damu zinazokukinga na maradhi. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuichanganya na vitu vya asili vinavyochochea kinga ya mwili.

Mfano unaojulikana ni lentinani, inayotolewa kwenye uyoga wa shiitake. Mwaka 1969 watafiti wa Japani walieleza kuwa ilizuia uvimbe kukua kwa panya. Haiui saratani moja kwa moja. Huamsha kinga ya mwili. Baadaye Japani iliruhusu itumike kwa saratani ya tumbo, kwa kudungwa kwenye mshipa pamoja na tibakemikali. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliofuata haukuonyesha kuwa wagonjwa walioongezewa lentinani waliishi muda mrefu zaidi.

Kwako wewe, uyoga ni chakula kizuri, lakini si sawa na dawa hiyo ya sindano. Kuwa mwangalifu na unga, vidonge na mitishamba ya “kuongeza kinga”. Baadhi hufanya ini liondoe dawa ya saratani haraka mno, ikapungua nguvu. Mingine huzidisha madhara yake.

Kwa hiyo:
- Mwambie daktari wako kila unachotumia, bila kuona haya.
- Usiache wala kuchelewesha tibakemikali.
- Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.