Kipimo cha Maneno Elfu Hamsini: Historia Fupi ya Waandishi wa Novemba, 1999–2025

Wataalamu wa fasihi aghalabu huandika habari za watungaji waliokwisha jipatia jina, ambao vitabu vyao vimepigwa chapa na kusomwa madarasani. Ni wachache wanaojishughulisha na watungaji wa ridhaa, yaani wale ambao riziki yao haitokani na kalamu, nao huandika hadithi usiku baada ya kazi za mchana, wala hawana hakika kama yuko atakayezisoma. Hata hivyo watu hao ni wengi kuliko wale wa kwanza, na tangu mtandao wa intaneti uenee wamejenga jamaa kubwa zenye desturi, sheria na msamiati wao wenyewe. Makusudi ya makala haya ni kueleza habari za jamaa moja ya namna hiyo, tangu kuzaliwa kwake mwaka 1999 hata kufungwa kwa ofisi yake mwaka 1025 ukiongeza elfu moja, yaani 2025, na kulitazama jambo moja lihusulo sana wanafunzi wa lugha: kwamba jamaa hiyo ilijengwa juu ya hesabu ya maneno, ilhali neno lenyewe ni kitu kigumu kuhesabika.

Yafaa kwanza kusema kwamba watungaji wa ridhaa hawakuanza kukusanyika na kompyuta. Huko Marekani, katika karne ya kumi na tisa, mitambo midogo ya kupigia chapa iliuzwa kwa bei ambayo hata kijana aliweza kuimudu, na vijana wengi wakaanza kutoa vigazeti vyao na kupelekeana kwa posta. Mwaka 1876 walikutana mjini Philadelphia wakaunda chama chao, National Amateur Press Association. Chama kingine kilifuata mwaka 1895, na ndicho alichojiunga nacho H. P. Lovecraft mwaka 1914, mtu ambaye wakati huo hakujulikana, na ambaye baadaye hadithi zake za kutisha zilienea duniani. Katika vyama hivyo twaziona tayari alama tatu ambazo tutakutana nazo tena: kazi isiyo na malipo, wasomaji ambao wenyewe ni waandishi, na chombo cha bei nafuu kiwaunganishacho watu walio mbalimbali.

Jamaa tuizungumzayo ilianza Julai 1999, katika eneo la ghuba ya San Francisco. Kijana mmoja aliyeitwa Chris Baty aliwashawishi rafiki zake waandike riwaya kila mtu yake kwa muda wa mwezi mmoja. Walikuwa watu 21, na waliofika mwisho walikuwa 6. Jambo lenyewe likaitwa NaNoWriMo, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya Mwezi wa Taifa wa Kuandika Riwaya. Jina hilo lilikuwa na mzaha ndani yake, kwa maana halikuwako taifa lolote lililouamuru mwezi huo. Mwaka uliofuata mwezi ulihamishwa ukawa Novemba, ambapo katika nchi hizo hali ya hewa ni mbaya na mtu hana hamu ya kutoka nje. Watu 140 walijiandikisha, na 29 wakamaliza. Mwaka 2001 magazeti yalikwisha pata habari, wakaja watu wapatao 5,000, wengi mno kwa wale wachache waliokuwa wakiwaandikisha kwa mkono.

Sheria zilizowekwa mwaka 2000 zilikuwa chache. Riwaya iwe mpya, isiwe muswada wa zamani uliofufuliwa. Iwe kazi ya mtu mmoja. Iwe na maneno 50,000, nayo ifikishwe kabla ya usiku wa manane wa tarehe 30 Novemba. Hapakuwa na waamuzi wala tuzo ya fedha, wala hapana aliyeuliza kama riwaya ni nzuri. Kila aliyefikisha maneno hayo aliitwa mshindi, hata kama washindi walikuwa maelfu. Mwandishi aliupeleka muswada wake kwa kompyuta, kompyuta ikahesabu maneno, ikatoa jibu, wala haikuuhifadhi muswada. Aliyeogopa kuibiwa aliweza kwanza kuzivuruga herufi zote zisisomeke, na hesabu ikawa ile ile.

Ukigawanya maneno 50,000 kwa siku 30 wapata maneno 1,667 kwa siku. Tarakimu hiyo ndiyo iliyotawala maisha ya watu hao kwa mwezi mzima. Mimi mwenyewe niliwaona nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu yangu. Katika maktaba ya mji nilimokaa walikusanyika jioni mbili kila juma, mezani karibu na dirisha, watu wanane au tisa. Alikuwako muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, mzee aliyestaafu udereva wa basi, mama aliyemleta mtoto wake na kumlaza juu ya viti viwili, na wanafunzi kadha wa kadha. Walisalimiana kwa tarakimu. Hawakuulizana hali, waliulizana umefika wapi, na mtu akajibu elfu kumi na mbili, au elfu ishirini na moja, na wenziwe wakampongeza au wakampa pole. Kisha mmoja aliitazama saa, akatoa ishara, wote wakaandika kwa robo saa pasipo kusema neno, na saa ilipokwisha kila mmoja akataja hesabu yake. Mashindano hayo mafupi yalikuwa na jina lake, kadhalika mikutano, karamu ya kuufungua mwezi na karamu ya kuufunga. Waliowaandalia mambo hayo yote walikuwa watu wa kujitolea, kila mji na wake.

Yule muuguzi aliniambia kwamba alikuwa ameanza riwaya nne maishani mwake na kila moja ilikomea sura ya pili, kwa sababu alikuwa akirudi nyuma kusahihisha. Sasa alikuwa amejikataza kufuta. Mtu mwingine angeliona hilo kuwa ni kuharibu sanaa. Lakini nilipomtazama kwa majuma manne nilifahamu kwamba hesabu haikuwa kipimo cha sanaa hata kidogo. Ilikuwa kipimo cha kuhudhuria. Ilimwambia kila mtu: leo ulikaa mezani, au leo hukukaa. Na kwa kuwa ilikuwa moja kwa wote, mzee wa basi na mwanafunzi wa fasihi walikuwa sawasawa mbele yake.

Walinikaribisha nami niandike, nikasema nitaandika kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipopata taabu iliyozaa makala haya. Kila robo saa ilipokwisha hesabu yangu ilikuwa ya mwisho, ingawa vidole vyangu havikupumzika. Wenzangu walidhani mimi ni mzito wa kuandika. Siku ya tatu niliwaandikia sentensi moja ubaoni: alipowafungulia mlango hawakumtambua. Kompyuta yahesabu hapo maneno matatu. Nikawaomba waifasiri kwa Kiingereza, wakapata maneno kumi na mawili. Nafsi ya mtenda, wakati, kirejeshi, nafsi ya mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea, vyote vimefungwa katika neno moja la Kiswahili, na ukanushaji pamoja navyo katika neno la mwisho. Kiingereza huvitandaza vitu hivyo kimoja kimoja, na kila kimoja chapata nafasi yake na hesabu yake.

Lakini jambo halikuishia hapo. Nikaandika tena: kitabu cha mtoto wa mwalimu. Hapo maneno ni matano, na Kiingereza chaweza kusema hayo kwa maneno manne. Kumbe Kiswahili hakina ufupi siku zote. Katika kitenzi chafunga, katika umilikaji chafungua. Wala hili si tabia ya lugha peke yake, bali ni tabia ya maandishi. Kihusishi cha au wa twakiandika mbali kwa sababu ndivyo walivyoamua waliosanifu tahajia. Mzulu husema incwadi yomntwana, naye huandika maneno mawili tu pale ambapo sisi twaandika matatu.

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba suala la kuunganisha au kutenga maneno katika lugha za Kibantu lilipiganiwa sana. Kizulu hapo zamani kiliandikwa kwa kutenga, na Clement Doke alikuwa mmoja wa wataalamu waliotetea kuunganisha. Lugha za Kisotho ziliendelea kutenga. Basi leo Mzulu akitaka kusema nampenda huandika ngiyamthanda, neno moja. Na msemaji wa Kisotho cha Kaskazini huandika ke a mo rata, maneno manne, ingawa viambishi vyao vyakaribia kulingana moja kwa moja. Wawili hao wakiandika riwaya moja kwa mwezi mmoja, wa pili atamaliza mapema sana, wala si kwa sababu amefanya kazi zaidi. Vivyo hivyo Mfini, ambaye kwa neno moja talossanikin husema hata ndani ya nyumba yangu. Na kwa Mchina na Mjapani, ambao hawaachi nafasi baina ya maneno, chombo kihesabucho nafasi hakina la kusema.

Niliwaeleza wenzangu haya, nao walicheka, kisha yule mzee wa basi akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba basi lake nalo lilihesabiwa kwa maili, na maili za mlimani na maili za tambarare ziliandikwa sawa katika daftari, lakini kila dereva alijua mwenyewe amepanda mlima gani. Tukakubaliana kwamba mimi nitahesabu elfu thelathini. Huo haukuwa upendeleo wala ubahatishaji. Kipimo kilikuwa amana baina yetu, na amana yaweza kurekebishwa na wale walioiweka.

Matunda ya mwezi huo hayakuwa haba. Riwaya ya Sara Gruen, Water for Elephants, iliyotoka mwaka 2006, na ile ya Erin Morgenstern, The Night Circus, iliyotoka mwaka 2011, zilianza kama miswada ya Novemba, na zote mbili zilisomwa na watu wengi mno. Lakini kuipima jamaa hiyo kwa vitabu hivyo ni kuipima kwa kipimo isichokuwa nacho. Walio wengi hawakuchapisha kitu. Walipata wenzao, na walipata kujua kwamba riwaya yaweza kumalizika.

Kisha yakaja mabaya, na yalikuja haraka. Mwishoni mwa mwaka 2023 yalitokea malalamiko mazito juu ya usimamizi wa mahali walipozungumza wanachama vijana, na wakubwa wa shirika wakapafunga mahali hapo pa mazungumzo. Septemba 2024 shirika lilitoa tamko juu ya programu za kompyuta zitungazo maandishi, likikataa kuzilaani, na likisema kwamba kuzilaani kabisa kuna harufu ya ubaguzi wa matabaka na wa walemavu. Waandishi waliokuwa katika baraza lake, miongoni mwao Daniel José Older na Maureen Johnson, walijiuzulu. Tarehe 31 Machi 2025 shirika lilitangaza kwamba linafunga milango, likitaja hasa upungufu wa fedha.

Yuko atakayesema kwamba liliuawa na fedha, na mwingine atasema ni utawala. Wote wawili wana haki. Lakini mwanafunzi wa lugha ataliona jambo la tatu. Kwa miaka ishirini na tano maneno 50,000 yalikuwa na maana kwa sababu hayakupatikana ila kwa kukaa mezani. Udanganyifu uliwezekana siku zote, maana mtu angeweza kurudia neno moja mara elfu hamsini na kompyuta ikampa ushindi. Ila aliyefanya hivyo alijua kwamba hakupata kitu. Chombo kinapotoa maneno hayo kwa dakika chache, na tena yakiwa na sura ya riwaya, tarakimu yabaki ile ile ilhali kile kilichokuwa kikipimwa kimeondoka. Ndiyo maana tamko moja liliwachoma watu kiasi kile. Halikugusa kanuni ya uandishi tu. Liliigusa ile amana.

Sisi nasi tuna historia yetu ya watungaji wa ridhaa, ingawa hatujaiandika ipasavyo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Twamjua mshindi. Walioshindwa je? Kila shindano huacha nyuma yake rundo la miswada ya walimu, makarani na mabaharia, na katika rundo hilo mna Kiswahili cha watu wasiojua kwamba wanaandika historia ya lugha. Leo hadithi za namna hiyo hutembea kutoka simu hadi simu, sehemu baada ya sehemu, na simu ikiharibika hupotea.

Nashauri basi kwamba wanafunzi wetu wapewe kazi ya kuwatembelea watungaji hawa, kuwauliza huandika saa ngapi na wapi, nani huwasomea na nani huwasahihisha, na kwa idhini yao kuhifadhi miswada yao. Tusiwahesabie maneno. Mimi nilifikisha elfu thelathini usiku wa tarehe 29 Novemba, na mzee wa basi alisimama akanipa mkono. Riwaya yenyewe haifai kusomwa na mtu, lakini ninayo hata leo.