Klabu ya Mwajiri, Klabu ya Mji: PSV Eindhoven na Timu za Vikosi vya Zanzibar

Wapenzi wa mpira wa Zanzibar tumezoea kusema kwamba timu za vikosi ndizo zilizoziua timu za mitaa na vijiji. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijatimia. Uholanzi iko klabu iliyozaliwa kama zilivyozaliwa KMKM na JKU, mikononi mwa mwajiri, na leo mji mzima unaihesabu kuwa yake. Tukizilinganisha hadithi hizi tukiwa Vitongoji, kijiji cha mashariki ya Chake Chake, kisiwani Pemba, kinacholea wachezaji wasiobaki nyumbani, tutaona kuwa hakuna ubaya mwajiri kuanzisha klabu. Ubaya huanza pale klabu inapofungiwa ndani ya geti lake.

Kampuni ya Philips ilianza Eindhoven mwaka 1891 kwa kutengeneza balbu za taa. Mji ulikuwa mdogo, umezungukwa na vijiji, na ulikua pamoja na kiwanda hadi mwaka 1920 ukaunganishwa na vijiji vitano vya jirani. Tarehe 31 Agosti 1913 ikaundwa Philips Sport Vereniging, yaani Jumuiya ya Michezo ya Philips, ambayo dunia inaijua kwa herufi tatu, PSV. Kiwanja chake kilikuwa Strijp, jirani na nyumba ambazo kampuni iliwajengea wafanyakazi wake. Mwanzoni, aliyetaka kuichezea alipaswa kuwa mtu wa Philips. Mwaka 1928 sharti hilo likaondolewa. Mwaka uliofuata PSV ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa Uholanzi.

Kwetu, KMKM ni timu ya Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, JKU ni ya Jeshi la Kujenga Uchumi, Mafunzo ni ya Chuo cha Mafunzo, na Zimamoto jina lake linajieleza. Kuanzia 2013 hadi 2024 ubingwa wa Zanzibar ulizunguka baina ya timu hizi nne, isipokuwa mwaka 2020, ulipochukuliwa na Mlandege, klabu ya mtaa wa mjini Unguja. Sababu yake anaijua kila mzazi wa Vitongoji. Timu ya kikosi inaweza kumpa kijana ajira, mshahara wa kila mwezi, na kiinua mgongo siku miguu itakapochoka. Timu ya kijiji ina jezi za kuchangishana na nauli ya kuombea. Kijana akivuka bahari kwenda Unguja, hakuna wa kumlaumu, maana anaijenga kesho yake na ya wazee wake.

Hapa PSV na vikosi vyetu ni ndugu. Pande zote mbili, mpira umesimama juu ya ajira, na ajira ndiyo iliyomwezesha mtoto wa maskini kuucheza akiwa ameshiba. Wanaovibeza vikosi hulisahau hilo.

Lakini njia zao ziliachana baadaye. PSV ilipofungua milango, iliwapata wana Eindhoven ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Mji huo ulikuwa na klabu nyingine, FC Eindhoven, iliyoasisiwa 1909 na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1954, kwa hiyo mapenzi ya watu hayakuwa ya bure. PSV ilibidi iyatafute. Tarehe 25 Mei 1988, mjini Stuttgart, ikiongozwa na kocha Guus Hiddink, iliifunga Benfica kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 0-0 na kuchukua Kombe la Ulaya. Kisha mwajiri akaanza kujitoa taratibu. Mwaka 1999 klabu ikawa kampuni inayojitegemea. Mwaka 2011, ilipobanwa na fedha, iliiuzia manispaa ya Eindhoven ardhi ya uwanja wake kwa takriban euro milioni 48. Mwaka 2016 jina la Philips, lililokuwa kifuani mwa jezi tangu 1982, likaondoka. Klabu haikufa, kwa sababu ilikuwa imeshapata mwenyewe mwingine, nao ni mji.

Tanzania Bara inatuonesha upande wa pili. Reli ya Morogoro na Ushirika ya Moshi zilisifika enzi za mashirika ya umma, kisha zikatoweka katika soka la juu. Pamba ya Mwanza, iliyobeba jina la zao lililoilea, nayo ilianguka miaka mingi. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Jiji la Mwanza. Aliyeiokoa ni mji.

Pemba hatuna upungufu wa mapenzi wala vipaji. Super Falcon ilitwaa ubingwa wa Zanzibar mwaka 2012, na Jamhuri ya Wete ikatuwakilisha Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2013 dhidi ya Saint George ya Ethiopia. Tangu hapo hadi 2024 ubingwa haukurudi kisiwani kwetu. Lakini mapenzi hayakufa: tarehe 13 Januari 2025, katika Uwanja wa Gombani hapa Pemba, timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, iliifunga Burkina Faso 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi mbele ya Wapemba.

Hukumu yangu ni hii: vikosi visivunjwe, vifunguliwe. Vipokee wanachama wa kiraia wenye kadi na sauti katika mikutano ya klabu, na viweke timu za vijana Pemba ili mtoto wa Vitongoji afundishwe akiwa bado anasoma skuli ya kwao. Na sisi wa vijijini tuache kungoja mfadhili. Tuandikishe wanachama, tutunze daftari la hesabu, na tukitafutie kiwanja hati kabla hakijajengwa nyumba. Philips ilipojitoa PSV, ilikuta wa kumkabidhi. Viongozi wa mpira wa Pemba, tuandaeni wa kukabidhiwa.